Mchonga Mihuri na Sifa Isiyo Yake

Tak Gi-chun alikuwa na neno moja la kumwambia mtu mmoja, na neno lenyewe lilikuwa fupi, mtu angeweza kulisema huku anavaa viatu vyake mlangoni. Miaka thelathini hakulisema. Siku alipojikaza kulitoa, akakuta watu wa filamu wameshalichukua, wameligeuza, na wanamrudishia likiwa zuri.

Duka lake lipo mji wa Cheongju, kwenye kichochoro cha nyuma ya soko, katikati ya kinyozi na mama muuza tofu. Tunaita duka kwa heshima tu. Ni kibanda chenye meza, taa ya kuinamisha, na kiti cha mteja ambacho mguu mmoja umefungwa kwa waya. Hapo amechonga mihuri ya majina tangu akiwa na miaka kumi na minne, alipofundishwa na mjomba wake baada ya vita kumchukua baba. Zamani mtu asiye na muhuri wake hakuwa mtu kamili. Bila muhuri hupangi chumba, huandikishi ndoa, huziki. Siku hizi vijana wanagusa kioo cha simu kwa kidole, mambo yamekwisha, na Gi-chun anapata mteja mmoja kwa siku, tena wa kuomba kutengenezewa funguo.

Jina kwenye muhuri huchongwa kinyume ili likigongwa lisomeke sawa. Kwa hiyo macho yake yalizoea kinyume, na hata kibao cha duka la mwenzake alianza kukisoma kwa upande usio wake. Mkewe, Bok-rim, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu bwana hata barua yangu ya uchumba aliisoma kutoka mwisho. Akaona salamu za kwaheri kwanza, akaja mbio nyumbani kwetu."

Na kuna desturi moja ya wachongaji ambayo lazima niitaje, maana bila hiyo habari hii haisimami. Kila muhuri ukimalizika, kabla haujatoka dukani, hugongwa mara moja kwenye daftari. Pembeni yake huandikwa tarehe na jina la aliyeuagiza. Mjomba wake alimwambia kwamba siku mtu akija na muhuri wa kughushi, daftari ndilo litakalosema. Gi-chun alishika hilo kama watu wanavyoshika sala.

Basi, vuli ya mwaka 1983 aliingia mtu mwenye koti la ngozi, akajitaja kwa ukoo tu, Bwana Guk. Alikuwa na orodha ya majina thelathini na moja. Alitaka mihuri ya mti wa bei rahisi, yote kabla ya jioni.

"Ni ya vibarua wa barabara," alisema. "Hawana muda wa kuja mmoja mmoja."

Hakuna aliyeshangaa wakati ule. Ofisi, viwanda, wakandarasi, wote walikuwa wakiwachongeshea watu mihuri bila wenyewe kuwepo, ikakaa kwenye droo ya karani, na karani akakugongea pale ilipobidi. Tuliona ni kurahisishiwa maisha. Jina lako lilikuwa kwenye droo ya mtu mwingine, nawe unalala usingizi. Gi-chun alichonga. Siku hiyo patasi yake ilikuwa imemeguka ncha, na kila muhuri ukatoka na pengo dogo kwenye ukingo wa kushoto, kama mtoto aliyeng'oka jino. Aliomba radhi. Bwana Guk akacheka.

"Mzee, nani atautazama ukingo?"

Gi-chun aligonga yote thelathini na moja daftarini, ukurasa mmoja ukajaa, akaandika tarehe, akaandika Guk. Kisha akala chakula chake akasahau.

Miaka mitano baadaye, watu wakiwa wameandamana na magazeti yamefunguka midomo, likatoka jambo la ile nyumba ya kilimani. Ilikuwa nyumba ya kuwanyoosha watu: walevi, wasio na makazi, wanafunzi wabishi. Watu thelathini na moja walikuwa wamefia humo, lakini vyeti vilisema wametoka kwa miguu yao, na kila cheti kilikuwa na muhuri wa mwenyewe kuthibitisha. Jambo likafika mji mkuu. Waziri akaitwa mbele ya wabunge, nchi nzima ikakaa mbele ya televisheni. Waziri akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Karatasi zimekamilika." Basi yote yakaning'inia kwenye mihuri. Angepatikana mtu mmoja wa kuonyesha kwamba ilichongwa siku moja, kwa mkono mmoja, kwa amri ya mtu mmoja, vyeti vingekuwa takataka na waziri naye.

Siku ya mvua, mwanamke akaingia kichochoroni akiwa na nakala ya cheti ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa Eom Sun-nyeo, mama yake Hyeong-jin, mwanafunzi aliyechukuliwa kituo cha mabasi kwa sababu alikuwa na nywele ndefu na hakuwa na kitambulisho. Alikuwa anazunguka kwa wachongaji wote wa mkoa. Gi-chun alimpa chai ya shayiri, akachukua nakala, akaiweka chini ya taa.

Pengo lilikuwepo upande wa kushoto.

Akainua macho. Ng'ambo ya barabara palikuwa na gari, na watu wawili ndani hawashuki. Binti yake, Mi-ran, alikuwa amefaulu mtihani wa ualimu wa serikali na anangoja kupangiwa shule, na siku zile jina la baba likichafuka mtoto hapangiwi popote. Daftari lilikuwa kwenye rafu, umbali wa mkono.

"Si mkono wangu, mama," alisema.

Yule mama akainama kumshukuru kwa chai, akafunga mfuko wake vizuri, akatoka kwenda duka lingine. Alikwenda maduka arobaini na moja. Waziri alijiuzulu kwa sababu za afya, akapona upesi, akarudi bungeni. Alipofariki, akiwa kitandani kwake, mashada ya maua yalipanga foleni hadi nje ya geti.

Na Mi-ran alipangiwa shule. Alifundisha vizuri, akastaafu. Gi-chun hakuwahi kumwambia alimnunulia kazi ile kwa kitu gani.

Mwaka 2016 akaja mwandishi wa filamu, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, Myeong Ha-yun. Alitaka mihuri ya kuigizia. Walikuwa wanatengeneza filamu ya mambo ya zamani, ya nyumba ya kilimani na ule mkasa wa waziri. Aliweka mezani nakala za vyeti na kuuliza kama angeweza kuchonga inayofanana. Gi-chun akaziinamishia taa.

"Naweza kuchonga inayofanana kabisa, Bi Mwandishi," alisema. "Hii nilichonga mimi."

Akalishusha daftari. Akamweleza yote, Guk, patasi, mvua, gari, binti, na lile neno alilomwambia mama wa watu. Ha-yun alilia mpaka akakosa pa kuweka uso. Gi-chun hakulia. Alihisi mwepesi kama mtu aliyetua gunia, akadhani sasa limeshatoka, filamu itamfikishia yule mama, naye akija kumtemea mate atakuwa amekaa pale pale kitini anamngoja.

Miaka miwili ikapita. Wakamletea kadi ya mwaliko wa sinema ya mjini, viti vya mbele. Bok-rim alivaa nguo yake ya hariri aliyoivaa kwenye harusi ya Mi-ran.

Katika filamu mchonga mihuri alikuwa mrefu, mabega mapana. Bok-rim akamnong'oneza, "Angalau wamekupa kidevu, Baba Mi-ran." Kisha mvua ikanyesha kwenye kioo kikubwa, mama akaingia na mfuko wake wa nailoni, mchongaji akatazama nakala, akaliona gari nje. Gi-chun alishika mkono wa kiti. Mchongaji wa kwenye filamu akavuta pazia, akashusha daftari, akamkabidhi yule mama kwa mikono miwili. "Lipeleke," alisema. "Mimi nimeshaishi vya kutosha." Ukumbi mzima ukavuta kamasi. Mwishoni waziri alipandishwa kizimbani kwa pingu, akawainamia wazazi hadi paji likagusa sakafu.

Watu wakapiga makofi wamesimama. Nyuma ya Gi-chun kijana mmoja akamwuliza mwenzake, "Alifungwa miaka mingapi yule?" Mwenzake akajibu, "Si umeona? Maisha."

Mshereheshaji akamwita Gi-chun jukwaani. Akapewa kipaza sauti. Alisema, "Mimi sikufanya vile. Mimi sikumpa daftari."

Makofi yakazidi. Kwetu mtu anayesifiwa hukana. Ukikubali sifa papo hapo unaonekana hukulelewa, na kadiri unavyokana ndivyo wanavyokuongezea.

"Mnauona unyenyekevu wa wazee wetu!" alisema mshereheshaji.

"Nasema kweli, sikumpa," alirudia Gi-chun, na mwanamke mmoja wa mstari wa pili akatoa leso.

Alimkuta Ha-yun nje, kwenye ngazi. Yule mwandishi hakuweza kumtazama usoni, akamwita Mwalimu, kama tunavyowaita wazee kwa heshima.

"Mwalimu, nisamehe. Niliandika ulivyoniambia. Rasimu tatu niliandika hivyo hivyo."

"Ikawaje?"

"Mtayarishaji alisema saa mbili nzima bila mtu mwema hata mmoja, watu hawatakaa kwenye viti. Akaniambia nitafute mtu mwema. Nikatafuta kwenye karatasi zote, Mwalimu. Sikumpata." Akapangusa pua. "Ikabidi nimtengeneze kutokana na wewe. Ulikuwa karibu zaidi."

Karibu zaidi! Gi-chun alilichukua neno hilo nyumbani likamkaa tumboni kama tonge la wali mbichi.

Mtaani sasa hapakaliki. Kinyozi Bang alikuwa akimpigia saluti kila asubuhi. "Shujaa! Ingia nikunyoe bure. Una nywele saba, nakunyoa nne, tatu tunapeleka makumbusho."

"Bang, acha. Unajua mimi. Mwaka ule si ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye kichwa cha mtu, sikuona kitu. Ndivyo sote tulivyokuwa." Bang akapunguza sauti. "Sasa kama wewe umeokoka, si nasi tuliokaa jirani yako tunapata kivuli kidogo? Usitupokonye, kaka."

Gi-chun alilichukua daftari akalipeleka kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya mambo ya zamani. Karani kijana alikuwa na adabu sana. Alieleza kwamba waziri ni marehemu, Guk ni marehemu, muda wa kushtaki ulikwisha miaka mingi, na jalada limefungwa.

"Na mimi?" aliuliza Gi-chun. "Mimi sijafa. Nilisema uongo."

"Uongo wa dukani si kosa la jinai, babu." Kisha karani akainamisha kichwa, akamtazama vizuri. "Samahani, si wewe yule wa kwenye filamu? Mama yangu hataamini. Tunaweza kupiga picha?"

Walipiga picha. Gi-chun alitoka ameshikilia daftari lake kifuani.

Akabaki mtu mmoja. Bok-rim alipomwona anavaa kofia, alijua.

"Unakwenda kwa Mama Hyeong-jin."

"Nakwenda."

"Ana miaka themanini na sita. Unataka kumpa nini umri huo?"

"Haki yake ya kunichukia."

Bok-rim alikuwa anamenya vitunguu saumu. Hakuacha kumenya. "Unampelekea yeye, au unaenda kutua wewe? Ulitua kwa yule mwandishi, ukaona kilichozaliwa."

Gi-chun alilifunga daftari kwa kitambaa, akaenda.

Eom Sun-nyeo alikuwa akiishi peke yake kwenye chumba cha chini, nyuma ya mashine ya kukamulia mafuta. Alipofungua mlango na kumwona, alipiga magoti pale pale kizingitini, na Gi-chun naye ikambidi apige magoti kumzuia, wazee wawili wakawa wanainuana kama watu wanaopigania kulipia chakula.

"Mfadhili wangu," alisema. "Karibu, karibu. Nimekuwekea mafuta ya ufuta, nilitaka nikuletee, miguu haikutaka."

Chupa ya mafuta ilikuwa tayari imefungwa kwa gazeti. Ukutani palikuwa na picha ya kijana mwenye nywele ndefu, na chini yake bango la filamu, lenye yule mchongaji wa mabega mapana.

"Mama Hyeong-jin, nimekuja kusema jambo. Mimi sikukupa daftari."

"Aa, mtu mwema haachi kukana." Akacheka, akamsogezea mto wa kukalia. "Nilikuwa mimi, si mtu mwingine. Ilikuwa mvua. Ulinipa chai ya shayiri, ilikuwa ya moto mno, nikaungua ulimi."

"Chai nilikupa. Chai tu."

"Chai na daftari."

"Nilikuambia si mkono wangu."

"Hao walikuwa wengine. Wachongaji arobaini walinijibu hivyo, nyuso zao zote zimenitoka. Wako peke yake ndio nimebaki nao." Alisema hivyo kwa upole, kama anamsahihisha mtoto. "Umezeeka, Bwana Tak. Mimi nilikuwepo."

Gi-chun akafungua kitambaa, akaweka daftari sakafuni, akalifungua kwenye ukurasa ule. Mihuri thelathini na moja, myekundu bado, kila mmoja na pengo lake. Tarehe. Guk. Wa tatu kutoka juu, jina la kijana wa ukutani.

"Hili hapa," alisema. "Litazame. Kama nilikupa wewe siku ile, lingekuwaje kwangu leo? Halijatoka rafuni kwangu miaka yote. Ningekupa, yule waziri asingerudi bungeni. Nililikalia, mama. Nilikuona unaondoka kwenye mvua nikalikalia."

Yule mama alitazama ukurasa. Alipeleka kidole kwenye jina la mwanawe, hakuligusa, kidole kikasimama hewani. Mashine ya mafuta ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta. Gi-chun alingoja. Alikuwa ameufikiria wakati huu mara nyingi, amefikiria mate, kofi, chupa ya kichwa. Yote aliyakubali.

Lakini Sun-nyeo hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anatazama bango ukutani, na uso wake ukawa unashuka taratibu.

"Kwa hiyo hakukuwa na mtu," alisema.

Akarudisha mkono wake magotini.

"Nilizunguka kote kule. Nilikuwa nikilala stendi. Nikimwota mwanangu namwambia, usihofu, kuna mmoja alitusaidia, hatukuwa peke yetu." Sauti yake ilikuwa ndogo, haina hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Hakukuwa na mtu hata mmoja. Mkoa mzima."

Mikono yake ikawa inashikana na kuachiana magotini. Gi-chun aliitazama. Aliona kwamba alichokuja nacho si haki ya mtu kuchukia. Yule mama hakuwa na nguvu ya kuchukia tena, ile aliyokuwa nayo aliimaliza barabarani mwaka ule, na kilichobaki ndani ya chumba kile ni mtu mmoja mwema wa kutengenezwa, naye Gi-chun ndiye aliyekuja kumtoa.

Akalifunga daftari.

"Ngoja," alisema. "Mama Hyeong-jin, ngoja. Mimi nachanganya. Si umesema nimezeeka?"

Yule mama aliendelea kutazama bango.

"Ulinirudishia," alisema Gi-chun. "Ndiyo maana liko kwangu. Nilikupa, ukakaa nalo, halafu ukanirudishia. Sasa nimekumbuka."

Kichwa cha yule mama kikasogea kidogo.

"Nilirudisha?"

"Ulirudisha."

"Nilirudisha," alisema, akijaribu. Paji lake likakunjamana, akawa anatafuta huko nyuma kama mtu anayepapasa sandukuni. "Lilikuwa... nililifunga na kitambaa. Nisingerudisha kitu cha watu kikiwa uchi."

"Ulilifunga vizuri sana."

"Cha buluu." Mikono ilikuwa imetulia. Alimtazama sasa, macho yakiwa bado mabichi, anamngoja aseme. "Kilikuwa cha buluu, sivyo?"

"Cha buluu," alisema Gi-chun. "Chenye maua madogo pembeni."

"Eeh!" alisema Sun-nyeo. "Chenye maua. Cha mama yangu kile."